Kutoka Kimara hadi sanduku la kura la kijijini, Usambara

Ijumaa, Novemba 22, 2024. Kimara, Dar es Salaam

Leo ni wiki ya tatu niko kwa dada yangu, aliyejifungua mtoto wa kiume mwanzoni mwa mwezi. Mama yetu alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo zamu ya kumkanda mzazi ilikuwa yangu: maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, nepi kamba nzima. Kesho naondoka, na dada hajafurahi. "Unaniacha kabla ya arobaini kwa ajili ya mwenyekiti wa kijiji?" ameniuliza huku ananyonyesha.

Nimemwambia ndiyo. Jumatano, Novemba 27, ni uchaguzi wa serikali za mitaa, na jina langu liko kwenye orodha ya kitongoji chetu kule Lushoto. Nilijiandikisha Oktoba, ndani ya zile siku kumi kuanzia tarehe 11 hadi 20, nikiwa wa nne kwenye foleni. Orodha hiyo haina uhusiano na kadi ya mpiga kura ya Uchaguzi Mkuu. Nisipofika mwenyewe, hakuna mahali pengine pa kupigia.

Dada anaona uenyekiti wa kijiji ni jambo dogo. Nimemkumbusha ghorofa la Kariakoo lililoanguka Jumamosi iliyopita, tarehe 16, likaua watu zaidi ya 20. Shemeji ana kibanda mtaa wa pili, alirudi usiku ule na vumbi mpaka kwenye kope, hakula. Tume imeundwa, wahandisi wataandika. Lakini anayeona kwanza nondo na mchanga vikishushwa mtaani ni mwenyekiti wa mtaa na mjumbe. Kiongozi wa chini kabisa akilala, wa juu anaamka kukiwa na maiti. Ndivyo ninavyoamini, na ndiyo maana nimekata tiketi.

Naandika haya nyuma ya daftari la vikao vya umoja wa wanawake. Mbele kuna mahudhurio na michango, nyuma ni kwangu.

Jumamosi, Novemba 23. Njiani hadi Mombo

Stendi ya Magufuli saa 11 alfajiri. Basi limetoka saa 12 na robo. Nimevaa kitenge na kilemba, begani begi la nguo, miguuni ndoo ya lita ishirini iliyojaa dagaa, mafuta na sukari. Nyumba ya mchungaji haijui mgeni anakuja lini, hivyo kila safari ya mjini ni ya kujaza kabati.

Jirani yangu kwenye kiti ni kijana wa kama miaka thelathini na tano, dereva wa bodaboda anayerudi kwao Korogwe. Kuanzia Kibaha amezungumza bila kituo: mafuta, faini za barabarani, mkopo wa pikipiki anaolipa kila siku jioni. Kasema mgombea wa mtaani kwao ameondolewa kwa sababu ya kosa la kujaza fomu. "Fomu, dada! Mtu amesoma hadi kidato cha sita, ashindwe kujaza fomu?" Nilikuwa namsikiliza kwa moyo wote. Tulipovuka daraja jipya la Wami, lile refu lililochukua nafasi ya jembamba la zamani, akaniuliza nafanya kazi gani.

"Nilisomea ualimu, nasubiri ajira. Mume wangu ni mchungaji."

Hapo hapo akakaa wima. "Aa, shikamoo mama mchungaji. Samahani, nimekuchosha na siasa."

Nina miaka 28. Nilianza kuamkiwa na watu walionizidi umri siku tuliyofungwa ndoa, miaka minne iliyopita. Nimeshazoea, ila kuna jambo moja sijazoea hadi leo: nikishajulikana ni mama mchungaji, watu huacha kuniambia ukweli. Bei zinageuka "tunamshukuru Mungu", mume anayepiga anageuka "changamoto ndogo ndogo". Nimemwambia yule kaka kwamba mimi nanunua mafuta ya taa na unga dukani kama yeye, na kura ninayo kama yeye. Amecheka kidogo, akasema, "Basi mama, tuombee." Hadi Segera tulikaa kimya, yeye akimenya machungwa aliyonunua dirishani, akinipa vipande.

Kule kwetu Wasambaa ndani ya ukoo mmoja utakuta Walutheri na Waislamu, wanazikana na kuozeshana. Vyama navyo vimo humo humo. Mume wangu huniambia mchungaji hana chama madhabahuni, na hilo nakubaliana nalo kabisa. Ila kutokuwa na chama ni jambo moja, kutokuwa na maoni ni jingine. Mwaka 2018, nikiwa chuoni, maaskofu wetu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, walitoa waraka wa Pasaka, Taifa Letu, Amani Yetu, uliogusa hata suala la Katiba mpya. Uliposomwa kanisani nilisimama nyuma kabisa kwa sababu viti vilijaa, na watu walisikiliza kuliko wanavyosikiliza mahubiri ya Krismasi. Tangu siku ile sijawahi kuamini kwamba imani inamtaka mtu afumbe macho.

Tumefika Mombo saa 8 mchana, mvua ya vuli inamwagika. Kondakta akatangaza: kifusi kimeziba barabara kabla ya Soni, hakuna gari linalopanda wala kushuka. Kilomita 32 tu kutoka hapa hadi Lushoto mjini, lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na korongo upande ule. Nimempigia mume wangu. Akampigia mchungaji mwenzake wa huku tambarare, na jioni nimepokelewa na mkewe, mama aliyekaa kwenye kazi hii zaidi ya miaka ishirini.

Jumapili, Novemba 24. Bado bondeni

Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa. Nimeamka saa 11 kumsaidia mwenyeji kukanda maandazi ya wanakwaya. Mikono kwenye unga, akanipa somo ambalo hakuna chuo kinachofundisha. "Mwanangu, ukitaja chama kimoja leo, kesho nusu ya wanawake hawaji kwenye umoja. Na asiyekuja hatakuambia kwa nini." Kasema mwaka 2015 alionekana na kanga ya kampeni aliyopewa sokoni, akajifunga tu kwa kwenda kisimani, na mama mmoja hakumsalimia mpaka Pasaka.

Nimemuuliza: je, akiona zahanati haina dawa asiseme? "Sema zahanati haina dawa," akajibu. "Usiseme nani aiongoze." Nimelifikiria neno hilo siku nzima. Nusu yake nimelichukua.

Kwenye matangazo mchungaji akawaita wagombea wote waliokuwamo, wa vyama vyote na wa vitongoji vyote, wakasimama mbele pamoja, watu saba. Hakumpa hata mmoja kipaza sauti. Akawaombea mara moja, wakarudi kukaa. Dakika tatu zikaisha. Ningependa kila kanisa na kila msikiti nchini wafanye vile vile.

Lakini baada ya ibada ulifuata mnada wa sadaka za mazao. Kabichi, jogoo, mkungu wa ndizi, trei ya mayai. Kuna mjane mmoja, mwenyeji ananiambia, huja na elfu nane yake kila mwezi anunue trei ya mayai ambayo wajukuu wanaila wiki mbili. Alisema elfu nane. Mgombea mmoja akasema kumi na tano. Akapanda mwenyewe, bila mshindani: ishirini, thelathini, hamsini. Watu wakapiga makofi. Yule bibi akaikunja noti ya elfu tano na zile za elfu moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga, akatoka kupitia mlango wa pembeni. Fedha ya kanisa iliongezeka leo, najua. Mimi nilimwona bibi, na sitaki kusahau nilivyomwona. Mwenyeji wangu alimfuata na mayai sita ya kuku wake mwenyewe ndani ya kibakuli.

Jumatatu, Novemba 25. Kupanda mlima

Katapila limefungua njia moja saa 4 asubuhi. Nimepanda Noah, tumebanana abiria tisa na magunia. Pale penye kifusi udongo mwekundu ulikuwa bado unavuja maji, na dereva alizima redio bila kuombwa. Baada ya maporomoko ya Soni watu wakaanza tena kuongea.

Wanawake watatu walikuwa wanatoka Mombo kudai fedha ya kabichi. Mnunuzi anakuja na fuso hadi shambani, anapanga bei yeye, na anajaza gunia kwa kilemba, yaani juu ya mdomo linaongezwa jingine nusu. Wamelia kilio ninachokisikia kila siku. Mmoja alisema kikundi chao kiliomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka huu, na sasa wanatakiwa barua ya kijiji inayowatambua. Barua ya kijiji! Nikawauliza Jumatano watapiga kura? Wawili ndiyo. Wa tatu alisema hakujiandikisha, alikuwa shambani siku zote kumi. Sikuweza kumlaumu. Oktoba ndipo watu wanaandaa mashamba ya vuli.

Lushoto mjini sikukaa. Basi la kwenda upande wa Mlalo limeondoka saa 9, Magamba kuna ukungu kama kawaida, Lukozi wanapakia viazi. Nyumbani saa 2 usiku. Mtoto wetu wa miaka mitatu amenikimbilia hadi getini bila viatu. Mume wangu alikuwa amepika ugali na maharage, sufuria imeungua chini.

Jumanne, Novemba 26. Nyumbani

Siku ya mwisho ya kampeni. Asubuhi nimekuta mabati.

Usharika wetu una mitaa minne. Hapa neno mtaa lina maana mbili, wa kanisa na wa serikali, na wiki hii zimegongana. Kanisa la mtaa wa juu linavuja. Mwezi wa tatu niliwafundisha watoto wa Jumapili pale, tukihama kona hadi kona kukwepa matone, na mwishowe tuliimba chini ya meza ya mwinjilisti. Kwa hiyo mabati arobaini yaliyopangwa kwenye baraza letu, bado yana karatasi za kiwandani, yaliniingia moyoni kabla sijauliza yametoka wapi. Yametoka kwa mgombea uenyekiti wa kijiji. Yalishushwa na fuso jana, mume wangu akiwa kwenye mazishi.

Saa 3 wazee wa kanisa wakaja. Nilichemsha chai ya maziwa, nikakaanga mihogo, nikaweka. Mzee mmoja, mtu mwema ambaye ndiye aliyetupa mbegu ya viazi tulipohamia, akasema: "Mabati hayana chama, mchungaji. Mvua ndiyo inayotunyeshea." Mwingine akasema msikitini nako vimepelekwa vitu. Mume wangu alisikiliza sana, hakusema upesi. Halafu yule mzee akanigeukia. "Na mama mchungaji, wewe unafundisha watoto pale. Unasemaje?"

Kwa desturi ningesema "ninyi wazee mtaamua". Nikaweka birika chini. Nikasema nayataka mabati yale kuliko mtu yeyote aliyemo humu, kwa sababu ni mimi niliyefuta kamasi za watoto waliolowa. Lakini tukiyapokea leo, kesho kutwa nikienda kuuliza kwa nini pampu ya maji haifanyi kazi, nitaambiwa nani alitupa paa. Mtu akitaka kutoa sadaka, Jumapili zipo nyingi baada ya Jumatano, aje na bahasha kama sisi wengine. Nilisema hivyo hivyo, sauti ikitetemeka.

Walikaa kimya, wakala mihogo. Baadaye mume wangu na mzee mmoja walitembea hadi kwa imamu. Wamerudi mchana wakiwa na neno moja: vitu vyote, vya kanisa na vya msikiti, vihifadhiwe stoo ya duka la njia panda hadi uchaguzi upite, na mgombea aambiwe hivyo kwa heshima. Vijana wamebeba mabati kichwani, wawili wawili. Mzee wa mbegu za viazi aliondoka bila kumaliza chai yake. Hilo limeniuma.

Jioni nimepita kwa fundi cherehani. Huyu ni rafiki yangu wa kweli hapa kijijini, Mwislamu, amenizidi miaka kumi na tano. Nikiwa mgeni alinishonea gauni la kwanza la ibada bila kuchukua fedha. Alikuwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji, na ndiye pekee aliyewahi kusoma mapato na matumizi ubaoni mpaka shilingi ya mwisho. Mwaka huu aliamua kugombea uenyekiti wa kijiji kupitia chama kingine. Aliondolewa. Sababu iliyobandikwa: fomu haikujazwa ipasavyo. Akanionesha nakala. Nimeisoma mimi mwalimu, mstari kwa mstari, chini ya taa ya cherehani yake, na kosa sikuliona. Alikata rufaa, ikakataliwa. Amebaki mgombea mmoja.

"Umetoka Dar kote huko," akaniambia huku anapima mkono wa blauzi ya mtu, "kuja kuchagua kati ya mmoja na nani?"

Jumatano, Novemba 27. Siku ya kura

Vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi, vinafungwa saa 10 jioni. Nilifika saa 1 na nusu, nyuma ya mabibi wawili wenye fimbo. "Onga maundo," nikawasalimu kwa Kisambaa changu cha kuokota, wakafurahi. Mmoja alisema anapiga kura tangu enzi za Mwalimu, na enzi hizo pia Rais alikuwa mmoja tu kwenye karatasi: picha yake upande huu, na upande ule kivuli kitupu. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anaeleza tu.

Mwaka 2019 vijiji vingi wagombea walipita bila kupingwa na watu hawakupiga kura kabisa. Safari hii mgombea pekee anapigiwa ndiyo au hapana. Ni hatua, nakubali. Mikutano ya hadhara nayo ilifunguliwa tena Januari 2023, na mwanamke anaongoza nchi tangu Machi 2021. Mambo haya nayashukuru na nayaombea. Kitu ninachokitaka ni kwamba uchaguzi huu usisimamiwe na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, ambayo watumishi wake ndio hao hao wanaofanya kazi chini ya viongozi wa siasa. Usimamiwe na Tume ya Uchaguzi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hayawezi kunifikia mimi mwananchi kama mtu mmoja wa mezani anaweza kumfuta fundi wangu kwa kalamu.

Ndani ya kile kibanda cha turubai nilikaa muda kuliko nilivyotarajia. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi wa katani. Nilichoandika sitakiandika hapa. Nusu ya washarika wetu watasoma uso wangu Jumapili, na mwenyeji wangu wa bondeni ana haki kwenye hilo. Ila nilisimama pale nikaona wazi kilichokosekana: jina la pili. Sikuhitaji lishinde. Nilihitaji liwepo, ili yule wa kwanza ajue kwamba angeweza kushindwa.

Nilipotoka, fundi alikuwa kwenye foleni, nafasi ya kama thelathini hivi kutoka mbele, amevaa baibui jeusi na futi yake ya cherehani bado shingoni. Sikutegemea angekuja. Tukaangaliana, hakuna aliyesema neno. Nikamsubiri nje chini ya mparachichi mpaka akamaliza, tukashuka pamoja hadi kisimani, kwa sababu leo tena bomba halitoi.

Alhamisi, Novemba 28

Waziri wa TAMISEMI ametangaza matokeo ya nchi nzima: chama tawala zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Hapa kwetu mgombea pekee amepita. Mabati bado yako stoo ya njia panda, hakuna aliyekuja kuyaulizia wala kuyaleta rasmi. Mzee wa mbegu za viazi amepita asubuhi kuniachia kabichi mbili mlangoni, hakuingia, lakini alimwita mtoto kwa jina na kumpandisha mabegani hadi getini.

Mchana fundi amekuja na kalenda ya mwaka unaoisha, ameigeuza nyuma, upande mweupe. Kwa sheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe, na mwanakijiji yeyote wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuuliza. Ameandika maswali tisa kwa chaki ya kushonea. Nimemwazima kalamu ya wino, kwa sababu chaki inafutika. La kwanza: risiti za pampu, kuanzia Januari. La nne amelipigia mstari, anataka nilisome mimi, kwa sababu linahusu barua za vikundi vya mikopo na wanawake wengi waliokwama ni wa usharika wetu.

Nimemwambia nitalisoma. Mume wangu, aliyekuwa anatengeneza mguu wa meza pale barazani, amesema bila kuinua kichwa kwamba siku hiyo yeye atabaki na mtoto.